Suruali Yangu Inalegea

Baba,

Naandika nikiwa ofisini kwenye kiwanda cha chai, wenzangu wametoka kula. Naandika haraka, unisamehe mwandiko.

Baada ya kukuzika nilianza kuota kitambi kama chako. Ukarani ni kukaa tu, na chai ya maziwa na mandazi havikosi mezani. Nyumbani walifurahi. "Sasa karani amekuwa mtu," Mama alisema, akanipigapiga tumbo mbele ya wageni. Lakini nilikuwa nachoka. Nikipanda mlima kutoka Kimulot, moyo ulikuwa unagonga. Niliogopa, Baba. Niliogopa kuanguka kama wewe, pale kituo cha kupimia majani ya chai, gunia lako likiwa bado halijapimwa.

Nikaenda hospitali. Damu yangu ilipelekwa Nairobi, na daktari akaniambia ina upungufu wa foleti, ile vitamini ya mboga za majani na maharagwe. Alisema watu wazima wenye mafuta mengi tumboni mara nyingi hukutwa na foleti kidogo. Nikamuuliza kama ni mafuta yanayoipunguza, au ni upungufu wake unaoleta mafuta. Akasema hilo hajui, na hataki kunidanganya. Alinipa vidonge, akaniambia nile mboga, nipunguze mafuta, nitembee.

Mboga! Nilikuona ukisukuma sahani ya managu kwa dada, ukicheka: "Mpe huyu. Mimi sina pembe."

Sasa nazila kila siku na kitambi kinapungua. Hapo ndipo hofu nyingine ilipoanza. Siku hizi kijana akikonda, hakuna anayeuliza amekula nini. Mama mmoja sokoni anayeniuzia managu alinitazama, akasema kwa sauti, "Karani, unaisha hivyo, nani alikupatia?" Soko likacheka. Hapa ofisini kikombe changu kimewekwa peke yake. Daktari alinipima ukimwi pia. Sina. Lakini nitamwambia nani, na nani ataamini?

Wewe pia uliambiwa upunguze mwili. Ulianza, wakanong'ona kanisani, ukarudia nyama ya mafuta mpaka mwisho. Sikuelewa wakati ule. Sasa naelewa.

Jumamosi tunakwenda Chepilat kumposa Chebet. Baba mdogo ndiye atakayesema kwa niaba yako. Jana aliniambia, "Kula unenepe kwanza, kijana. Hawa watu hawatapatia mgonjwa msichana wao. Mboga haitoroki."

Nimewaza sana. Chebet anajua yote, lakini si yeye atakayeamua peke yake.

Nitakwenda nikiwa hivi hivi, Baba. Wajomba zake wakiuliza kama naumwa, nitajibu mwenyewe, bila kumngoja Baba mdogo, kwamba nilikuwa naelekea kuumwa na nimeanza kujitibu. Wakinikatalia, itaniuma, nami nitarudi nyumbani nikiwa hai. Mungu akinijalia watoto, nakuahidi watakuwa na baba wa kuongea naye, si wa kumwandikia.

Pumzika, mzee wangu.

Mwanao,
Kiprono