Foto za Mama ndani ya corbeille

Kambi ya Dzaleka, siku ya ine. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu muchafu kuliko njia.

Mbele ya yote, salamu. Salamu kwa kaka Mugisho na bibi yake kule Kadutu, kwa dada Nabintu na batoto bake bote batano, kwa shangazi Cito na magoti yake, kwa majirani ba zamani benye bangali hai. Huku kwangu Baba Ansima anabasalimia, Ansima mwenyewe anabasalimia, hata kuku inasalimia. Mi tu njo siko muzima.

Foto za Mama zimepotea.

Bote munajua sikumuzika. Alikufia Bukavu, mi niko huku Malawi, bila karatasi ya kunivusha mupaka. Nilibakia na foto ine ndani ya telefone. Ine tu. Telefone ikaanza kulalamika haina nafasi, nikaogopa zitapotea katikati ya takataka. Nikatafuta mahali pa kuzificha. Nikaona kwa Kifaransa: corbeille.

Mi sikusoma sana, lakini corbeille naijua. Kanisani kwetu njo ile kitunga tunatiaka sadaka. Nikasema, hapa njo kwenye usalama. Nikazitia zote ine, nikaomba, nikafunga.

Juzi Ansima, kitinda-mimba wangu, mwenye alizaliwa hapa kambini, akaniuliza: "Mama, banasema nafanana na tate, mama yako. Alikuwa aje?" Nikafungua corbeille nimuonyeshe.

Nyeupe tupu.

Jana nikaenda Lilongwe, kule Kawale, kwa fundi mumoja wa kwetu, bantu banamuitaka Ingénieur. Miwani ameipandisha juu ya kichwa, labda nywele njo zinasomaka.

"Mama, corbeille ya telefone njo poubelle, pipa ya takataka!" Akacheka mpaka akaita mwenzake wa meza ya pili: "Kuja usikie! Huyu mama ametupa mama yake!"

"Kwenu munatiaka sadaka ndani ya poubelle?" nikamuuliza.

"Ilikuandikia, Mama. Kisha siku makumi sita inafuta yenyewe."

"Iliniandikia wapi?"

"Pale chini. Herufi za kidogo."

Herufi za kidogo! Mwizi naye anatembeaka polepole.

Eti foto hazikai ndani ya telefone, zinakaa kwenye wingu ya internet, na bantu ba akili nyingi sana banazilinda. Naizarau ile akili. Kila mwaka bananitumia heri ya siku ya kuzaliwa, lakini sura ya mama yangu imebashinda kutunza. Hata muzee wa kuzoa takataka sokoni Dowa anaulizaka mwenye kitu mbele ya kuchoma.

Ingénieur akabonyeza, akabonyeza. "Zimerudi!"

Zilirudi kweli. Maua ya "asubuhi njema" ya kikundi cha kanisa. Foto ya kidole changu. Foto tatu za sufuria. Vitu nilivifuta wiki hii kwa sababu sivitaki! Uchafu wa juzi unafufuka, na Mama, mwenye nilimuweka kwa mikono mbili, hapana.

"Zile zingine ni définitif, Mama, hazirudi tena," akasema, sasa bila kucheka.

Nilimuzarau zaidi pale alipoacha kucheka, kwa sababu njo pale nilimuamini.

Na mi pia najizarau, niseme kweli. Leo asubuhi nilijaribu kumueleza Ansima ile sura. Nikafika kwenye pengo ya meno, nikashindwa kujua ilikuwa kushoto ao kuume. Nikamutuma maji. Maji ilikuwa imejaa ndoo.

Kwa hiyo sitaki tena fundi, sitaki wingu. Nauliza ninyi. Mutafute ndani ya album za harusi, za ubatizo, za kilio. Hata kama Mama anaonekana bega tu, pembeni ya bibi arusi wa bantu bengine, mutume. Ile bega nitaijua.

Munijibu mbio, mbele Ansima achoke kuuliza.