Kuta za Kitunguu

Jumatatu, 9 Machi 1998

Picha imekamilika. Plaiwudi, gunia, gundi ya mbao, matope ya mto yaliyochujwa, maganda ya mpunga. Ni ngozi ya kitunguu kama inavyoonekana kwenye hadubini: vyumba vimepangana kama matofali, kila kimoja na kiini chake. Kuta ndizo zilizonisumbua. Rangi peke yake hulala bapa. Nilitaka hata kipofu asome seli kwa vidole.

Mashavu ameitazama, akasema tangu nimuoe hajaona kitunguu kilichochelewa kuiva namna hii.

Jumatano, 11 Machi

Qabale, mama mfugaji wa Kiorma, amekuja kuchukua vitu alivyoniachia walipohamisha ng'ombe kukimbia mafuriko. Nimempa ngozi za kulalia na masufuria.

"Na ile chombo ya maziwa, Mwalimu? Ile ya mama yangu."

Binti yake Gumato anaolewa baada ya Idi. Chombo hicho ndicho cha kupelekea maziwa nyumbani kwa mume.

Nikasema labda maji yaliingia ghalani yakakichukua.

Maji hayakufika ghalani.

Alhamisi, 12 Machi

Nieleze vizuri, angalau hapa. Chombo kile husukwa kwa nyuzi za mizizi, zikabanwa hata maziwa hayapenyi, kisha hufukizwa kwa vijinga vya moto. Nilikikuta kimekauka, mishono imeachia, ndani ukungu. Nikaona kimekufa. Kosa la mkulima: kwetu Wapokomo kibuyu kikipasuka ni cha kutupa. Waorma hukiloweka chombo chao, nyuzi zikavimba, kikafukizwa, kikarudi kazini. Na mimi nimefundisha biolojia hadi kustaafu! Seli hufa, ukuta wake ukabaki, ukaendelea kunywa maji.

Hilo ni kosa. La pili si kosa tena. Nilikiloweka kilainike nipate kukikata. Harufu ya moshi ikapanda, tamu, kama kimefukizwa asubuhi ile. Nikajua kina mwenyewe na bado ni kizima.

Nikachukua mkasi, nikapata kuta za kitunguu changu.

Jumamosi, 14 Machi

Mashavu ametoka mtoni amekasirika. Gumato yuko ukingoni, anachokora takataka za mafuriko kwa fimbo. Na mamba wameonekana hapo juzi. Anauliza, nani amemwambia msichana wa watu chombo kilichukuliwa na maji?

Nilikwenda mwenyewe. Nikamkuta maji yamemfika magotini.

"Kidogo tu, Babu. Bado pale kwenye matete."

"Toka. Hakipo."

"Umejuaje?"

Nikasema maji yale yalikuwa na nguvu sana. Alitoka kwa heshima tu. Sidhani kama hatarudi.

Jumapili, 15 Machi

Sikwenda kanisani. Nimejaribu kubandua ukuta mmoja kwa kisu. Gundi imeshika kabisa, unatoka nyuzinyuzi. Nimerudishia rangi palipochubuka. Hata leo — nimerudishia rangi.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Qabale na Gumato walikuwa wakielekea mtoni, ikawakamata, Mashavu akawaita ndani. Gumato ana ile fimbo yake.

Qabale akaiona picha. "Hii nini, Mwalimu?"

Kueleza ni ugonjwa wangu. Nikamweleza seli, kiini, kazi ya ukuta. Akacheka. "Kitunguu! Na umesoma yote ile kuchora kitunguu?" Akauliza kama inaruhusiwa kugusa. Nikajibu kwamba imetengenezwa ili iguswe. Ndivyo nilivyosema.

Vidole vyake vikafuata ukuta wa kwanza, wa pili. Vikasimama. Siku ya mvua gunia hunywa unyevu, na nyuzi pia. Akasogeza uso, akafumba macho, akanusa. Akamwita Gumato kwa Kiorma, kwa sauti ndogo. Gumato naye akainama akanusa.

Hakuna aliyenitazama.

Nimesema nakwenda kutafuta miwani. Niko chumbani, nimeivaa. Sasa nasikia sebuleni fimbo inaegemezwa ukutani taratibu, na Mashavu anaita:

"Mwalimu, njoo. Mgeni wako anakuuliza kitu."