Mguu Wangu Ndio Unaoingiza Upepo Kwenye Breki

Mpendwa Shangazi Rosemery,

Shikamoo. Naandika kwa aibu, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili hapa Ifakara, na baba yangu ni fundi wa pawatila, yale matrekta madogo ya kulimia mpunga, ila kwa miaka minne amekuwa akifufua gari la michezo la zamani, jekundu, la milango miwili, halina paa, aliloachiwa na daktari mmoja mgeni, na Jumamosi hii linatakiwa limpeleke dada Devota kanisani kufunga ndoa. Limebaki kutolewa upepo kwenye breki tu. Baba analala chini na spana, mimi nakaa kwenye usukani nakanyaga pedeli, anauliza, "Umeshika?" najibu, "Nimeshika, baba," ndipo anafungua nati ndogo kwenye gurudumu na mafuta ya breki yanatoka na mapovu, na sitakiwi kuachia mpaka aseme amefunga.

Shida ni kwamba gari liko kando ya njia ya sokoni, na mama ametufundisha kwamba mkubwa haamkiwi na mtu aliyekaa. Akipita Bibi Eufrasia nasimama, nakunja goti, "Shikamoo bibi," akipita Mzee Alfonsi nasimama tena, na baba huko chini anasema, "Vizuri, mwanangu, una adabu," bila kujua kwamba mguu umetoka kwenye pedeli wakati nati iko wazi, na upepo unavutwa ndani tena. Leo ni siku ya tatu na breki bado ni laini kama andazi. Niligundua jana tu, mwalimu wa fizikia alipotuonyesha bomba la sindano linavyovuta hewa. Baba amekata tamaa, kesho anawaita wanunuzi wa vyuma chakavu, na ananiambia, "Wewe huna kosa, Bibiana. Mguu wako ndio kitu pekee ninachokiamini kwenye gari hili."

Shangazi, mimi nataka kuwa fundi. Nikisema ukweli, atakubali kunishikisha spana siku moja?

Bibiana, Ifakara

Bibiana,

Marahaba. Nimekuitikia nikiwa nimekaa, na heshima yako nimeiona vilevile.

Siku tatu baba yako amelala chali kwenye vumbi anadondokewa na mafuta, nawe uko juu yake unakunja goti. Nimecheka. Kisha nimekukasirikia, maana tangu jana unajua na umenyamaza, na atakayekaa ndani ya gari hilo ni dada yako. Umegundua kosa ambalo fundi mzima hakuligundua. Mwambie hivyohivyo, leo, kabla hajawaita hao wa vyuma chakavu. Atafoka kidogo. Mwache afoke.

Akimaliza, mwombe mbadilishane: wewe ulale chini na spana, yeye akanyage pedeli. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu, ongezeni mafuta mapya kabla kopo la mafuta ya breki halijakauka, kisha lijaribuni gari kwanza mahali tambarare pasipo watu. Wapita njia watamwamkia yeye, naye ataitikia palepale alipokaa.

Akipita Bibi Eufrasia, mwamkie kwa sauti kutoka chini ya gari. Atahangaika kutafuta inakotoka, lakini nati utakuwa umeishika wewe.