Basi Nililolifufua Mwenyewe

Jeddah, Ijumaa, mwishoni mwa Mfungo Pili.
Mwaka wa nne sasa tangu niondoke Tanga.

Mama Salma, mke wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Yale mafua yamekuachia? Na mama je, nyonga inampa nafasi ya kulala? Mimi mwili mzima, ila nimechoka, sitakuficha. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu kila nikianza kueleza mama anaichukua, na kwake naishia kudanganya. Barua anakuletea Shekue wa Pongwe, tuliyekuwa naye chumba kimoja. Yeye amemaliza, anarudi.

Uliniuliza nafanya nini Jeddah wakati nilisema kazi ya Riyadh imekwisha na naja nyumbani. Nakueleza tangu mwanzo.

Yale mabasi ya zamani niliyokuwa nikiyatengeneza, yaliyokuwa yakipakia Batha, katikati ya Riyadh, yameondolewa barabarani. Yamekuja mapya. Sakafu yake iko chini kabisa, hayana ngazi. Likifika kituoni linajishusha upande wa mlango, kinafunguliwa kibao, na mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Siku moja nilimwona bibi mmoja, mnene kuliko mama, anasukumwa na mjukuu wake mpaka ndani huku akimgombeza dereva kwa kuchelewa. Nilisimama nikamtazama mpaka basi likaondoka. Nikamfikiria mama anavyokataa kwenda hospitali kwa sababu ya wale vijana wanaomnyanyua kwa makwapa kumpandisha garini, kanga inamvuka mbele za watu.

Sisi wa mabasi ya zamani huko kwenye mapya hatukuchukuliwa. Bosi aliyaweka mabasi yake kwenye yadi nyuma ya Manfuha, akawa anayauza moja moja kwa watu wa vyuma chakavu. Akaniambia mbele ya Gul Zaman, dereva wetu, Mpathani wa Pakistani: "Athumani, likiuzwa la mwisho, nakupa karatasi ya kutoka nchini. Wallahi."

Likabaki moja. Lilikuwa haliwaki, na mnunuzi akasema atakuja na gari la kulivuta wiki inayofuata. Nikabaki nalo yadini. Unanijua, Mama Salma. Gari likinyamaza mbele yangu mikono inaniwasha. Kule gereji Ngamiani hatukuwahi kuliacha gari likafa, tulikuwa tunaona aibu. Nikasema niliwashe tu, mnunuzi aliendeshe mwenyewe aende zake, nami nifunge begi mapema. Nikatoa upepo kwenye pampu, nikasafisha stata, nikapiga. Likawaka kama halijawahi kuumwa.

Bosi akasikia mlio, akaja mbio na kanzu kaishika mkononi.

"Hili ndilo lile?"

"Ndilo, bosi."

"Linatembea?"

"Linatembea."

Akalizunguka, akapiga bodi kofi. "Halas, imekwisha. Haliuzwi. Yalla, Jeddah. Kuna wafanyakazi wa ujenzi wanataka usafiri."

Gul Zaman alicheka mpaka akakaa chini. "Punda wewe! Nani alikwambia umfufue maiti? Sasa mtaishi naye nyumba moja." Yeye mwenyewe akapewa kuliendesha, kicheko kikamwisha.

Ndiyo niko hapa. Asubuhi tunapeleka watu kwenye majengo, jioni tunawarudisha, mchana nipo chini ya basi. Joto la hapa lina maji ndani yake, shati halikauki. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, imekwisha na bosi ndiye wa kuifanya upya. Bila ikama kwa bosi mwingine siendi, na karatasi ya kutoka sipati. Nikitoka kununua mkate napita vichochoroni kama mwizi. Bahari ipo karibu, sijaiona. Kila nikimkumbusha bosi, jibu ni lile lile: basi likifa, utakwenda.

Na basi halifi kwa sababu mimi ndiye fundi wake. Juzi breki zilianza kulegea. Nilikaa nazitazama kwa muda. Lakini wale wanaume wanapanda kila asubuhi, mmoja hunipa chai yake kwenye kifuniko cha chupa. Nikazitengeneza.

Sasa kuna ukaguzi wa serikali, mahujaji wakishaondoka. Nimeingia uvunguni nikakuta chesisi imeliwa na kutu upande wa nyuma, kidole kinapita. Nikamwonyesha bosi. Akaniambia nichomelee bati jembamba juu yake, nipake rangi nyeusi, wakaguzi wasione.

Nikamwambia, "Bosi, hiyo mafi, haiwezekani. Likikatika na watu ndani?"

"Wewe fundi au mufti? Paka rangi!"

"Sipaki."

Akanitazama, akatupa funguo mchangani. "Basi utazeekea hapa, Athumani." Akaondoka. Gul Zaman akaziokota, akasema kwa sauti ya chini kwamba atalipeleka kwa wakaguzi kama lilivyo, na hatamwita mtu mwingine kulipaka. Nilitaka kumshukuru, akaniambia, "Nyamaza, punda."

Nisalimie mjomba wako wa Muheza aliyenitafutia pasi, na dada yangu mkubwa anayekusaidia kumwogesha mama. Salma mwambie nimeiona picha yake ya shule. Yule jirani fundi cherehani mshukuru kwa kumtengenezea mama ule mto wa kukalia.

Basi likikataliwa kwenye ukaguzi, likauzwa chuma chakavu, na bosi akikumbuka alivyoapa, nitakuwa nyumbani Mfungo Sita, kabla ya Maulidi. Likipita, au akiamua kunikomoa, sijui.

Mama mwambie Mfungo Sita. Hayo mengine baki nayo wewe.

Mumeo,
Athumani