Gia Mbili za Lango la Rwabigaga

Jumatatu, 9 Juni 2025

Likizo imeanza. Nilidhani nitalala. Badala yake nimeshinda bondeni nikitazama wanaume wazima wakigombana na chuma.

Niandike vizuri, maana siku nikisoma tena nitadhani nilitunga. Bonde letu la Rwabigaga lina mafunjo, lina kambale, lina maji mwaka mzima. Upande huu, Karagwe, ni wakulima wa migomba na kahawa. Ng'ambo, Kyerwa, ni wafugaji. Wakulima wanataka maji yapungue wapande maharage na nyanya pembezoni. Wafugaji wanataka maji yabaki ili ng'ombe wanywe kiangazi. Mwaka jana wakajenga lango la chuma kwenye mdomo wa bonde, la kupandishwa na kushushwa kwa gia mbili. Mpaka hapo, akili.

Halafu wakaanza kuogopana. Mkulima akikaa na gia atafungua kila akijisikia! Mfugaji akikaa nazo hatafungua kamwe! Basi wakaamua: kila upande ununue gia yake, uiweke kwake. Lango halisogei mpaka gia zote mbili zikutane. Walijipigia makofi. Nilinyoosha mkono nikasema gia hununuliwa pacha. Nikaambiwa mwalimu asubiri zamu yake ya kuchangia. Zamu haikufika.

Wakulima walinunua ndogo, ya mashine ya kusaga, pale Omurushaka. Wafugaji wakanunua kubwa huko Murongo, mpakani. Kila mmoja akaificha yake kwenye gunia.

Majuzi lango lilipandishwa — kwa magongo na mabega ya vijana — likaegeshwa juu ya gogo ili maji yapungue kwa siku chache tu. Leo lilikuwa lishuke. Gia zikafungwa kwa mara ya kwanza. Wakazungusha. Krrr! Meno yakapanda juu ya meno. Moja likakatika, likaruka, likapita karibu na sikio la Privatus, mwenyekiti wa wakulima, mdogo wangu wa tumbo moja. Akailaumu gia ya wafugaji. Tumusiime, mwenyekiti wa wafugaji, ndugu wa marehemu mume wangu, akailaumu gia ya wakulima. Kisha kila mmoja akafungua yake, akaitia guniani, akaondoka.

Lango liko juu. Maji yanaondoka.

Jumatano, 11 Juni

Privatus amekuja kunywa kahawa. Nikamuuliza, mlipimaje? Hawakupima. Walihesabu meno! Kubwa arobaini na nane, ndogo kumi na mawili, inagawanyika bila baki, basi zitaelewana tu, dada.

Nikamwambia ng'ombe ana meno thelathini na mawili. Wewe nawe una thelathini na mawili. Toka hapo nje ukatafune nyasi.

Amenuna. Nikachukua chaki, nikamchorea sakafuni. Kila gia ina duara lake lisiloonekana, lile linalogusana na la mwenzake. Juu ya duara hilo, toka jino hadi jino la pili, umbali lazima ulingane kwa gia zote mbili. Usipolingana, jino la kwanza litaingia, la pili litasukumana, la tatu litapanda mgongoni mwa mwenzake. Na ubavu wa jino una mkunjo wake, ili libiringike juu ya lile lingine, lisilikwaruze. Jiometri tupu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaielewa — wengine.

Akauliza kwa nini basi nisizipime zote mbili. Nikasema nileteeni hata sasa hivi. Akanitazama kwa jicho la pembeni. Kwamba mimi ni mke wa wafugaji. Nikipima gia ya wakulima nitawachongea mashemeji zangu nyingine kama hiyo!

Jioni nikamwomba Tumusiime ya kwake. Mpole sana, Tumusiime. Akasema, "Shemeji, wewe ni binti wa wakulima." Basi.

Jumamosi, 14 Juni

Semina! Ofisa ametoka huko wilayani na viatu vya mpira visivyowahi kuona tope. Alisema "ardhi oevu" mara nyingi mpaka bibi mmoja akaniuliza kama ni dawa ya mifugo. Akatuonyesha picha ya kiboko. Rwabigaga haina kiboko. Akasema ardhi oevu ina thamani kubwa kwa jamii, tukaandika. Alipoambiwa lango liko mita chache tu huko chini, akatazama mteremko, akatazama viatu, akasema atakuja tena.

Thamani! Kwani nani hapa hajui? Tunalalia mikeka ya mafunjo. Kambale tunawala. Nyasi za kutandika ndani zinatoka kule. Visima vyote vya upande huu vinanyonya bondeni — maji machafu yanaingia kwenye mafunjo, yanatokea kwangu meupe. Wanajua wote. Ujuzi umewajaa, ila hakuna anayetaka mwenzake aguse chuma.

Soda zilikuwa za moto.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada niliwaonyesha gia nilizokata kwa maboksi ya sabuni. Jozi moja inayolingana, jozi moja isiyolingana. Nikazizungusha juu ya misumari mbele ya watu. Walicheka, walifurahi, mzee mmoja akaomba achukue ile nzuri akawape wajukuu. Kisha Privatus akasema hizo ni za boksi, zao ni za chuma.

Ananiambia nani hayo? Mimi!

Nikauliza, kwa nini tusiondoe gogo lango lidondoke lenyewe? Hapo walikuwa sahihi, nakiri kwa shingo upande: chuma kile kikidondoka kitapasua saruji ya chini, na hapo hakuna lango tena. Lazima lishuke polepole, kwa gia. Kwa gia zipi sasa?

Alhamisi, 19 Juni

Kisima kimeanza kutoa tope.

Nimechota asubuhi, ndoo imekuja na rangi ya chai ya maziwa. Nimeichuja kwa kitambaa. Mama mkwe, Komujuni, alinitazama nikichuja. Baadaye akasema kwa upole kwamba kisima kikifa atahamia kwa Tumusiime, huko ng'ambo mbali, kwenye bwawa la ng'ombe, maana magoti yake hayawezi kupanda na ndoo kutoka kwingine na mimi naenda shule.

Anasema kama anayeniambia kesho atafua. Tangu mume wangu Yustasi afariki tuko wawili tu nyumba hii. Sisi ambao miaka yote ile tulikuwa tunanuniana kuhusu chumvi ya mboga! Sasa akichelewa kurudi toka kanisani nakaa mlangoni. Sitaki aende. Nimeandika. Sitaki.

Na hao wawili wana magunia chini ya vitanda.

Jumapili, 22 Juni

Ng'ombe wa Tumusiime wamezama kwenye tope lililobaki bondeni, wawili, wametolewa kwa kamba. Nyanya za Privatus nazo zimesinyaa: alitaka maji yapungue, siyo yaishe! Kwa hiyo leo, ghafla, mkutano.

Walikaa pande mbili za uwanja kama timu. Nilisema: Omurushaka yupo fundi Egbert, mwenye mashine ya kuchongea vyuma. Kubwa ni nzima. Mpeni, apime meno yake, achonge ndogo mpya ya kuifuata. Kwisha kazi. Lakini nani apeleke? Mkulima? Kelele. Mfugaji? Kelele. Ofisi ya kijiji? Wote wakacheka, angalau hapo walicheka pamoja.

Mama mkwe akasimama na fimbo yake. Akauliza kwa Kinyambo kama kuna mtu yeyote hapa ambaye pande zote mbili hazimwamini sawasawa. Wakatazamana. Wakanigeukia.

Nimechaguliwa kwa sababu hiyo. Wala sijui nicheke au nikasirike.

Jumanne, 24 Juni

Safari ya Omurushaka. Mimi na gunia kwenye pikipiki ya mbele. Nyuma pikipiki ya mjumbe wa wakulima. Nyuma yake pikipiki ya mjumbe wa wafugaji. Msafara! Watu wa njiani walisimama wakidhani tunapeleka posa.

Egbert aliigeuza ile gia kubwa, akapima, akaitazama ndogo iliyovunjika, akauliza ni mganga gani aliyeoanisha hizi. Wajumbe wangu wawili wakatazama barabarani. Akasema Ijumaa itakuwa tayari, ila kubwa ibaki karakana. Ibaki?! Mjumbe wa wafugaji akasema basi na yeye anabaki. Mjumbe wa wakulima akasema kama yule anabaki, na yeye anabaki. Egbert akawaambia karakana haina kitanda.

Nimewaacha pale, kila mmoja juu ya tairi lake.

Jumamosi, 28 Juni

Limeshuka!

Sijui niandikeje. Gia ndogo mpya, inang'aa, imepakwa grisi. Egbert mwenyewe alikuja kuifunga. Wamezunguka watu wote, Karagwe huku, Kyerwa kule, vijana wameshika gogo. Nikashika mpini mimi, maana nani mwingine? Nikazungusha. Hakuna krrr. Hakuna kelele kabisa. Jino linaingia, linateleza kwenye ubavu wa mwenzake, linatoka, tayari lingine limeshapokea. Mzigo wote ule kwenye mkono wangu ulikuwa mwepesi, lango likateremka taratibu kama mzee anayekaa. Watu waliinama kutazama. Hata Privatus alikuwa amefungua mdomo. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa ajili ya wanafunzi wangu waliokuwepo.

Maji yakaanza kurudi nyuma kwenye mafunjo. Mama mkwe akapiga vigelegele.

Halafu! Kabla hata sijanawa grisi! Tumusiime akanyoosha mkono: kubwa ni yetu, shemeji. Privatus akanyoosha wake: ndogo ni yetu, dada. Kila mtu arudishe yake kwake kama mwanzo. Eti ndiyo katiba. Nikasema hii sasa ni jozi, moja imechongwa kuifuata nyingine, zitunzwe pamoja. Wakasema sawa kabisa, ni jozi — wataigawana. Privatus anataka kufungua tena Jumatano, kidogo tu. Tumusiime anasema akisikia hivyo atatupa ya kwake mto Kagera, tuone atafungua na nini, maana vijana wameapa hawalinyanyui tena kwa mabega.

Na angeitupa. Namjua. Na Privatus angekwenda kununua nyingine yenye meno arobaini na nane.

Nikazifungua zote mbili. Nikazitia kwenye kikapu, nikaweka kanga juu, nikapanda mlima na mama mkwe nyuma yangu. Walidhani nakwenda kuzisafisha.

Jumatatu, 30 Juni

Kisima kimerudi. Si chote, lakini ndoo ya leo nimetia mkono nikaona kiganja changu chini kabisa. Mama mkwe amekunywa kikombe kizima akiwa amesimama palepale, kisha akaniuliza nimeweka chumvi kiasi gani kwenye maharage.

Wako nje. Wamekuja tangu asubuhi. Privatus na watu wake, Tumusiime na watu wake. Wamekaa benchi moja! Benchi langu, lile la mkwaju, bega kwa bega, wanapeana tumbaku. Sijawahi kuona kitu kama hicho toka lango lijengwe. Wameelewana kwa kila jambo. Kwamba mimi ni mwizi. Kwamba mwanamke hawezi kukaa na lango la vijiji viwili. Kwamba ataitwa mtendaji wa kata. Privatus anasema nimewasaliti wakulima. Tumusiime anasema, kwa upole wake uleule, kwamba Yustasi angeona aibu. Hilo limeniuma. Yustasi angecheka mpaka akae chini.

Wanasema nizitoe, watazitunza kwa haki. Nimewauliza kupitia dirisha, nani atakaa na ipi? Wakapeana tumbaku tena. Kisha wote wawili kwa pamoja: hiyo ni ya baadaye.

Mama mkwe amewapelekea kahawa. Amerudi anasema Privatus ameuliza kama najaza daftari langu bado, na linakaa wapi. Ameuliza kwa utani, anasema. Mimi utani wa Privatus naujua tangu anatambaa.

Mtendaji huyo anapanda mlima, naona kofia yake. Nitamweleza. Nitamchorea duara. Nitamwambia lango halitafunguliwa mpaka wakae mezani na kupanga siku za kufungua na kufunga, na kwamba mpaka hapo gia zote mbili ziko salama, pamoja, pakavu, zimepakwa grisi, nimezificha kwenye

Hapana. Hata hapa siandiki.