Wachumba wa Bwawa la Mzee Hamza

Kwamndolwa, Korogwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Kasulu? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mzima, nimenenepa hadi kola ya shati inanibana. Simu tunapigiana, lakini hukatika kabla habari haijaiva. Barua hii dada akusomee taratibu, ukiwa umekaa.

Nilikueleza kwamba namfanyia kazi Mzee Hamza, mwenye bwawa la samaki. Mwaka huu nilikaribia kurudi nyumbani mikono mitupu. Perege wetu waligoma kukua. Tuliwalisha pumba na dagaa, tukabadilisha maji, wapi! Walibaki saizi ya kiganja. Majike walitaga kidogo, vifaranga wengi wakafa, wengine wakatoka wamepinda mgongo. Wateja wakaanza kutukwepa. Mzee akasema ni kijicho cha majirani, akataka dua isomwe.

Dua ikasomwa. Nikamwomba tumwite na afisa uvuvi. Akaja mama mmoja mchangamfu, akapima maji, akaangalia chakula, akavuta wavu. Kisha akauliza, "Mzee, mbegu ya samaki hawa ilitoka wapi?"

Mzee akamweleza. Kumbe perege wa kwanza, wachache tu, waliletwa na marehemu mkewe bwawa lilipochimbwa, na tangu hapo hajaingia samaki mwingine.

"Basi wanazaana ndugu kwa ndugu," yule mama akasema. "Ndiyo maana hawakui wala hawazai vizuri."

Mzee akapandisha sauti. "Marehemu alikuwa binti wa shangazi yangu! Watoto wetu wote wazima. Yuko wapi aliyepinda mgongo?"

Mama, niliinama nikajifanya nafunga kamba ya wavu. Lakini afisa hakucheka. "Nyinyi mlioana mabinamu, mara moja tu. Hawa ni kaka na dada, na watoto wao vivyo hivyo, kizazi baada ya kizazi."

Akashauri tuwatoe wote, tuanze upya.

"Siwezi kumwaga samaki wa mke wangu," Mzee akasema, akaenda kukaa kwenye tuta la bwawa, ametupa mgongo.

Yule mama akamfuata, akachuchumaa kando yake. "Basi majike wabaki. Tubadilishe madume tu, tulete wa mbali. Watakaozaliwa bado ni uzao wa samaki wa mkeo."

Mzee akavua kofia, akajifuta macho. "Rashidi, kesho uende Kwedizinga."

Huko kuna mfugaji ambaye samaki wake hawana undugu na wetu. Nilirudi na madume kwenye pikapu ya mihogo, maji yakinimwagikia miguuni. Tuliposimama njiani kubadilisha maji, akina mama wauza mahindi wakauliza, "Hao bei gani?" Nikajibu, "Hawauzwi, ni wachumba." Mmoja akapiga vigelegele! Nyumbani nikamkuta Mzee amevaa kanzu. Madume wa zamani tuliwakaanga.

Mama, majike wale wale waliokuwa wakizaa kwa kusuasua wakajaza bwawa vifaranga. Wiki iliyopita tumevua, samaki mmoja anajaza sahani. Wateja wamerudi, na kazi yangu imepona.

Afisa ametuonya tusiwaache hawa nao wakazaana wenyewe kwa wenyewe. Bahati nzuri, mfugaji wa Kwedizinga naye samaki wake wameanza kudumaa, akaja kuomba madume waliozaliwa kwetu, wasibaki na dada zao. Mzee akamwambia, "Hapa hutoki na dume bila posa. Lete wazee wako."

Basi leo wamekuja kweli, na kofia zao! Wako mkekani tangu asubuhi, wanabishania mahari ya perege huku wakinywa kahawa. Mzee ananiita nikae upande wake, anasema familia ya bwana harusi imepungukiwa mtu.

Wasalimie baba mdogo na mifugo yake, mjomba fundi baiskeli, na bibi mzaa baba. Na dada anayesoma hapa, asiongeze maneno yake.

Acha niende, kwetu tunazidiwa hoja.

Mwanao,
Rashidi