Mche Ule wa Mstari wa Nne

Mdogo wangu Zuhura, uliyeko Bruxelles,

Pakiti ya pilipili uliyomtumia mama imefika. Ameisimamisha juu ya kabati la vyombo, na kila jirani wa Bwiza anayeingia anaambiwa, "Angalia, mutoto wangu uyu!" Chai ya jirani huyo naipika mimi.

Sura inayocheka kwenye pakiti ni yako. Mche ulioushika ni wangu, mstari wa nne, kando ya mfereji, shambani kwetu Ruziba. Ulikuja na viatu vyeupe, ukasema, "Dada, sogea kidogo, kivuli chako kinaharibu picha." Nikasogea.

Unakumbuka tulivyoanza? Samadi tulibeba kichwani, we umeziba pua, mi nacheka. Msimu wa kwanza wa cheti cha bio, kile cha kilimo kisicho na dawa, kila mmoja alivuna kilo mia mbili. Zako ulizitia katika magunia mapya. Nikakuita mharibifu. Mimi nilikuwa na magunia matupu ya mbegu za mahindi, zile zinazopakwa dawa ya wadudu. Nikayafua mara tatu, nikayaanika juani. Nani Bujumbura anatupa gunia zima?

Sampuli zilipopimwa huko Ulaya, zangu zikakutwa na ile dawa ya mbegu. Zako zikapanda meli. Zangu zikaishia sokoni, bei moja na za watu wanaopulizia dawa kila wiki, na mimi nikafungiwa cheti kwa misimu kadhaa. Udongo ule ule, maji yale yale.

Hesabu naijua. Kilo moja inatoa pakiti ishirini, kila pakiti euro nne. Naona wivu, Zuhura, naandika usiniozee tumboni. Nauonea wivu mzigo wako, nalionea wivu hata koti lako la baridi. Kabati la mama ndilo linalonikosesha raha kabisa.

Sasa umeniandikia: mkaguzi wa cheti anakuja Jumatatu, nimwambie shamba lote ni lako, ili pilipili zangu zipite kwa cheti chako bila mimi kumaliza adhabu yangu. Apana. Umebaki msimu mmoja, nitaungoja. Nimeshachomeka vijiti kati ya mistari yako na yangu, na mkaguzi nitamtembeza mwenyewe, kijiti kwa kijiti.

Magunia mapya nimenunua. Na yako nimenunua, maana najua utachelewa kuja kuvuna.

Mama anakusalimu. Vaa soksi nzito.

Dada yako,
mwenye mche